Matandiko ya Simbilisi

Kabla ya kufua, dobi alivipeleka vitambaa nyuma ya jengo na kuvikung'uta ukutani. Kinyesi cha simbilisi ni kikavu na kigumu, kama punje za wali ulioungua, na hakisumbui. Kinachosumbua ni nyasi. Vijiti vyake hung'ang'ania manyoya ya kitambaa na havitoki mpaka viondolewe kwa brashi ngumu, kimoja kimoja. Akimaliza hapo, aliviingiza vitambaa kwenye mashine kwa maji ya moto, sabuni kidogo na kikombe cha siki ya kukata harufu. Dawa ya kulainisha nguo hakuitia. Ukiitia, kitambaa cha flisi, kile chenye manyoya kama blanketi laini, hugoma kupitisha maji, na mkojo hubaki juu kama dimbwi.

Hiyo ilikuwa nyumba ya kutunzia wazee, na simbilisi walikaa ukumbini, kwenye vizimba virefu vya waya vilivyopangwa chini ya dirisha. Ni wanyama wanene wasio na mkia, wakubwa kuliko panya na wadogo kuliko sungura, na kazi yao kubwa ni kula. Msimamizi wa nyumba aliwaleta baada ya kutoka kwenye semina, alikofundishwa kwamba mzee akimpapasa mnyama mwenye manyoya, mapigo ya moyo hutulia. Mwanzoni walitandikiwa maranda ya mbao. Vumbi la maranda likawapigisha chafya simbilisi na kuwakohoza wageni waliokuja kutazama na kutoa misaada. Wageni hao ndio walioleta flisi, majora mazima, ya bluu na ya kijani, yenye picha za karoti. Na kwa kuwa flisi inataka kufuliwa mara kwa mara, wakaleta na mashine ya kufulia.

Wazee nao walikuwa na mashuka yao. Yalirundikwa kwenye magunia mlangoni mwa chumba cha kufulia, yakisubiri zamu. Msimamizi alikuwa ameagiza yasichanganywe na vitambaa vya simbilisi, kwa sababu za kiafya. Dobi aliuliza ni afya ya nani. Akajibiwa, afya kwa ujumla.

Aliyeshona matandiko ya simbilisi alikuwa bibi mmoja aliyeishi humo humo, chumba cha mwisho upande wa vyoo. Wote walimwita Fundi. Maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi. Mwanawe alipomleta pale pamoja na mumewe, Fundi alikubali kuacha kabati, kitanda cha mbao na masufuria yote, ila cherehani aliipakata mapajani mpaka walipofika. Msimamizi alipomwona nayo alifurahi sana.

Fundi alishona flisi juu, taulo kuukuu katikati na turubai laini chini. Mkojo ulipenya kwenye flisi, ukanywewa na taulo, na juu kukabaki kukavu. Aliipenda kazi hiyo. Alisema ni mara yake ya kwanza kushonea wateja wasiobishana kuhusu kiuno.

Mumewe aliitwa Dereva, kwa sababu alikuwa ameendesha treni za mizigo mpaka alipostaafu. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kushoto na kuondoka na maneno yake yote. Kilichobaki ni mluzi. Mluzi mfupi maana yake alitaka maji ya kunywa, mluzi mrefu maana yake alikuwa amelowa. Nesi aliyehudumia korido nzima peke yake alikuwa akiusikia mluzi mrefu, akiitikia "Nakuja, babu," na kuja akipata nafasi. Akija, aligeuza shuka upande wa pili, maana shuka jingine halikuwepo. Likigeuzwa tena, lilirudi upande wa kwanza.

Kidonda kilianza chini ya mgongo, chekundu, kidogo kama kifungo cha shati. Fundi alimlaza mumewe ubavu, akakipepea kwa kipande cha boksi, akakikausha kwa leso yake. Kikafikia ukubwa wa mdomo wa kikombe.

Basi Fundi alikusanya vipande vya flisi vilivyobaki kila alipokata matandiko, akaviunganisha. Vipande vya bluu vilipata mahali pao na vya kijani pao, karoti zikaangaliana. Katikati akatia mataulo yake mwenyewe aliyotoka nayo nyumbani. Tandiko lilipotimia urefu wa mtu, yeye na dobi walimgeuza Dereva na kulipitisha chini yake. Dereva alinyoosha mguu mzima, akafumba macho, na mluzi haukusikika mpaka asubuhi. Dobi alilifua tandiko hilo katikati ya mizigo ya simbilisi, akalianika nyuma ya mengine. Kingo za kidonda zikaanza kukauka.

Msimamizi aliligundua alipokuwa akipita kusalimia wagonjwa.

"Hiki nini, bibi?"

"Tandiko."

"Naona ni tandiko. Nauliza linafanya nini hapa."

"Linamkausha mume wangu."

Msimamizi alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kumfokea mzee hata siku moja. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Bibi, vitambaa hivi vililetwa kwa ajili ya simbilisi. Mtu akitoa kitu kwa ajili ya simbilisi, mimi nikamtandikia binadamu, huo ni wizi."

"Ni vipande tu. Vilikuwa vya kutupwa."

"Ni vipande vya simbilisi."

"Basi mfulie shuka lake."

"Litafuliwa, bibi yangu. Zamu yake ikifika."

Akaita nesi wasaidiane. Kichwa cha Dereva alikiinua yeye mwenyewe, taratibu, akamfuta mate pembeni mwa mdomo, akamwambia pole baba. Alimjali kwelikweli. Kisha akalikunja tandiko na kuondoka nalo. Lilikatwa katikati, na nusu zake zikatosha vizuri kwenye vizimba viwili vya mwisho.

Dereva alifariki alasiri moja, wakati chai inagawiwa, Fundi akimkata kucha. Alitoa mluzi ambao haukuwa mfupi wala mrefu, kisha hakutoa tena. Zilikuwa zimebaki kucha za vidole viwili. Fundi alizimaliza, akamweka mkono kifuani, ndipo akamwita nesi. Mwana wao alikuja na gari la kukodi, wakazika, akarudi kazini.

Kesho yake asubuhi dobi alikwenda ukumbini kukusanya vitambaa vichafu. Katika kizimba cha mwisho, juu ya nusu ya lile tandiko lenye vipande, alimkuta simbilisi ambaye jana hakuwepo. Alikuwa wa kijivu, mwenye mvi masikioni, akiburuta mguu wa mbele wa kushoto. Chini ya mgongo hakuwa na manyoya, na hapo palikuwa na kidonda. Dobi aliweka kapu chini, akaenda kumwita Fundi.

Fundi alikuja na khanga ya kilioni bado imemfunika kichwa. Akaingiza mkono kizimbani. Simbilisi alimnusa vidole, akapiga mluzi mfupi. Fundi akamsogezea maji.

"Ndiye?" aliuliza dobi.

"Ndiye."

Msimamizi alipofika alihesabu kwa macho kama kawaida yake.

"Ameongezeka mmoja."

"Ni mume wangu," alisema Fundi.

"Ahaa. Pole sana, bibi." Akainama, akamtazama vizuri. "Kidonda hiki si kizuri hata kidogo. Na wageni wako njiani. Ngoja nimpigie daktari."

Daktari wa wazee alikuwa akija mara moja moja, barabara ikiwa kavu. Daktari wa mifugo alifika kabla ya chakula cha mchana. Alimshika Dereva kwa mikono miwili, akakisafisha kidonda, akakinyunyizia unga mweupe, akauliza umri. Fundi akamtajia. Daktari akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kwa umri huo moyo wake ni mzuri sana.

"Ila asilale kwenye unyevu hata kidogo," alimwambia msimamizi. "Abadilishiwe kila siku. Kidonda kama hiki hakitaki dawa nyingi, kinataka pakavu."

"Hakuna shida, daktari. Hilo tunalimudu."

Fundi alikuwa amesimama hapo hapo. Alijifunga khanga vizuri, akaenda chumbani, akakaa juu ya kitanda kitupu cha mumewe mpaka godoro likamlowesha gauni.

Kidonda kilipona. Kwanza kikafunga utando mwembamba, kisha kikasinyaa, kisha manyoya yakachomoza, meupe, laini kama ya mtoto. Dereva alinenepa. Kila siku baada ya kifungua kinywa Fundi aliburuta kiti mpaka kizimbani, akashona pale pale, na mumewe akalala karibu na waya akisikiliza cherehani. Fundi alimsimulia habari za korido: nani kaanguka chooni, nani kapigana na nani kwa ajili ya rimoti. Dereva alitafuna nyasi na kumtazama kwa jicho moja, kama alivyokuwa akimtazama zamani akisoma gazeti.

Mwana wao alikuja kutembea siku ya mapumziko, kavaa shati lililopigwa pasi. Mama yake akampeleka ukumbini.

"Shikamoo baba," alisema mwana, ameinama mbele ya kizimba.

Dereva alimjia mpaka kwenye waya.

"Anaendeleaje?"

"Mzima. Mgongo umepona. Mshike uone."

Mwana alimpakata baba yake juu ya kitaulo, akamgeuza, akapitisha kidole pale penye manyoya mapya. Akachukua picha, akaituma kwa mkewe. "Angalau sasa yuko pazuri," alisema.

"Na alipokuwa mtu alikuwa wapi?"

"Mama, nimesema tu."

"Nami nakuuliza tu. Chumba changu kinanuka, mwanangu. Hata wewe hukai humo, unakimbilia ukumbini."

Mwana alitazama simu yake, ingawa haikuwa imeita. Akasema wao nao walikuwa wamebanana, watoto wanalala sebuleni, mkewe ana presha. Fundi alimjibu kwamba hajamwomba chumba, amemwomba aseme neno kwa msimamizi kuhusu mashuka. Mwana akaahidi. Alipokuwa akiondoka alikutana na msimamizi mlangoni, wakashikana mikono kwa muda mrefu, na Fundi kutoka ukumbini akamsikia mwanawe akisema, "Asante sana kwa kumtunza mzee. Kidonda kile, aisee, mmefanya kazi."

Wengine walifuata. Mzee aliyekuwa mwashi alifariki na kuonekana siku ya pili, mwenye doa jeupe puani kama chokaa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki naye akaja, akawafukuza wote kwenye bakuli la karoti mpaka wakazoea. Wageni walipendezwa na jinsi simbilisi walivyostawi, na vizimba vikaongezwa ukuta wa pili. Wazee waliobaki walipita hapo kwenda kula, wakawaamkia waliostahili kuamkiwa, wakauliza hali. Mmoja alitaka kujua kama mtu anaweza kuchagua rangi. Msimamizi alimwambia kwa upole kwamba hilo liko nje ya uwezo wake.

Mkabala na chumba cha Fundi aliishi mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu aliyevunjika nyonga na sasa hakuweza hata kujigeuza. Fundi alikuwa akiingia kumsuka nywele. Siku moja alipomwinua ili amchane kisogoni, aliona gauni lake limegandamana na mgongo. Alipolibandua, Mwalimu aliuma mto wala hakupiga kelele. Kidonda kilikuwa pale pale alipokuwa nacho Dereva.

Fundi alitoka moja kwa moja mpaka ofisini.

"Mashuka ya wazee yafuliwe kama vitambaa vya simbilisi," alisema. "Kila siku, kwa mashine hiyo hiyo."

"Mashine ni moja, bibi."

"Najua ni moja. Ndiyo maana nasema hiyo hiyo."

"Ililetwa kwa ajili ya simbilisi."

"Basi sishoni tena mpaka mashuka yafuliwe."

Msimamizi alifikiri kidogo. "Ni haki yako," alisema. "Hapa hatumlazimishi mzee kufanya kazi."

Fundi aliuchomoa mkanda wa cherehani, akauvaa kiunoni ndani ya khanga. Habari ikazunguka korido nzima kabla ya chai. Mwalimu alipoisikia alicheka kwa mara ya kwanza tangu avunjike nyonga, akaomba mlango wake uachwe wazi asije akapitwa na jambo.

Flisi ikifuliwa sana hulegea, na simbilisi hutafuna kingo. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika. Kisha matandiko yakaanza kupata matundu, taulo zikachungulia, na yaliyofaa hayakutosha vizimba vyote. Dobi aliyagawa kadiri alivyoweza. Alifika mahali akawa anayageuza upande wa pili, kama nesi. Msimamizi hakumgombeza mtu. Alipita akitazama, akisema "Tuvumilie," na kwenda zake.

Fundi alikaa mbele ya kizimba mikono ikiwa mapajani. Dereva alikuja kwenye waya, akapiga mluzi mrefu.

"Nakusikia," alisema Fundi.

Akapiga tena. Nyayo zake zilikuwa zimeiva, nyekundu. Fundi alimtoa, akampakata, akamgeuza, akapanua manyoya meupe kwa vidole. Chini yake ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Akamlaza kwenye khanga yake kavu. Khanga ikalowa, akaibadilisha kwa nyingine, na hiyo nayo ikalowa. Mluzi haukukoma. Mwashi akauitikia, muuza samaki akauitikia, ukumbi mzima ukawa unapiga mluzi mrefu, na mwisho kabisa wa korido ikasikika sauti ya darasani ya Mwalimu:

"Usikubali, Fundi! Wewe kaza! Usikubali!"

Fundi alikaa akisikiliza pande zote mbili. Dobi alikuwa amesimama na kapu lake. Mwishowe Fundi aliingiza mkono kiunoni, akautoa mkanda, akauvisha kwenye gurudumu la cherehani.

Kelele za cherehani zilipofika mwisho wa korido, Mwalimu alinyamaza. Alimwomba nesi afunge mlango.

Tangu hapo Fundi alipoingia kumsuka, Mwalimu aligeuzia uso ukutani. Fundi alimsuka hivyo hivyo, akamwambia samahani huku akigawa mistari ya nywele, na hakujibiwa. Hakujibiwa kabisa, maana Mwalimu hakuchukua muda mrefu, akafariki. Alikuja mchana wa siku ya pili, simbilisi mrefu mweusi, mwenye kidonda mgongoni kama wenzake, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa kizimba kile kile cha Dereva. Siku nzima alimgeuzia Fundi mgongo. Daktari wa mifugo alipokuja na unga wake mweupe, Mwalimu alimuuma kidole. Siku iliyofuata Fundi alimtandikia kitambaa kipya, cha kijani, kilichopinduliwa kingo mara mbili zisitafunike kirahisi, akamnyooshea jani la kabichi, akakaa ameshika hivyo mpaka mkono ukachoka. Mwalimu alikuja polepole, akalichukua jani, akaenda kulila kule pembeni. Lakini alilichukua.

Wageni walipoona idadi ya simbilisi walileta mashine ya pili. Ilikuwa kubwa zaidi, yenye mlango wa kioo, na ikafungwa utepe, ukakatwa, watu wakapiga makofi. Msimamizi aliwashukuru kwa hotuba fupi, akaeleza kwamba kwa wingi huu wa simbilisi mashine moja ilikuwa imezidiwa. Magunia ya mashuka yalisogezwa nje kidogo ili mashine ipate nafasi ya kukaa.

Wiki hiyo hiyo walikuja mume na mke wapya. Mume alikuwa seremala, vidole vyake viwili vimekatika nchani, na mke alimshika mkono kila walipokaribia ngazi. Binti yao alibaki nje akizungumza na dereva wa teksi. Msimamizi aliwatembeza. Aliwaonyesha jiko, akawaonyesha televisheni, akawafikisha kwenye vizimba, akawaeleza jinsi vitambaa vinavyofuliwa kila siku kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Dobi alikuwa amemaliza kutandika. Seremala aliomba kugusa. Alipitisha mkono kwenye flisi, akaibonyeza kwa kiganja, akainusa.

"Pakavu," alimwambia mkewe. "Tena pana joto. Hebu shika."

Mkewe naye akashika. Akageuka kumtazama bibi aliyeketi kwenye cherehani, kisha akamtazama msimamizi.

"Na sisi tutalala kwenye matandiko haya?"

"Mtalala," alisema msimamizi. "Lakini bado kidogo."

Fundi alisogeza kiti chake ili wapite, akapima kitambaa kingine.